Manowari zilijaa Bahari ya Shamu, mbona meli za mizigo bado zilikimbilia Rasi ya Tumaini Jema? (uzi mrefu)

Kaskazi24 (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye muda avute kiti.

Kuna hoja naiona kila siku, kwamba Marekani na Uingereza wana manowari za kutisha, wana ndege, wana satelaiti, sasa inakuwaje waasi walioshuka milimani kule Yemen wanawatoa jasho mpaka meli za dunia nzima zinabadili njia na kuzunguka Afrika yote kupitia Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Wengine wanasema ni maigizo ya wakubwa. Mi nasema hamna maigizo hapo, ila wengi tumeielewa vibaya hii kazi ya kulinda njia ya meli. Tunadhani ni nani ana mizinga mikubwa. Kumbe njia inafungwa na mwenye meli pamoja na mtu wake wa bima wakiwa wamekaa ofisini, kombora linawapa sababu tu.

Mahali penyewe kwanza. Bab el-Mandeb, ule mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, pale palipobana zaidi ni kama kilomita 30, na katikati kuna kisiwa cha Perim kinapagawanya, upande huu Yemen, upande ule Djibouti na Eritrea. Kabla ya hizi vurugu karibu asilimia 12 ya biashara ya dunia ilikuwa inapita hapo kwenda au kutoka Mfereji wa Suez, kwa makontena ni kama asilimia 30. Hao waasi wanaitwa Wahouthi, waliichukua Sanaa, mji mkuu wa Yemen, Septemba 2014, na wanashika bandari ya Hodeidah na kipande kirefu cha pwani ya Bahari ya Shamu, kwahiyo meli inayoenda Suez inapita mbele ya mlango wao itake isitake.

Novemba 19, 2023, vita vya Gaza vikiwa vinaendelea, ndo mambo yakachafuka, Wahouthi wakisema wanalenga meli zenye uhusiano na Israel. Video wengi mliiona, helikopta inatua juu ya sitaha ya Galaxy Leader huku meli inatembea, jamaa wenye bunduki wanaruka, wanakimbia mpaka chumba cha usukani, mabaharia mikono juu hata hawajaelewa kinachoendelea. Ilikuwa meli ya kubeba magari, bendera ya Bahamas, inaendeshwa na Wajapani, ila ukifuata karatasi za umiliki unafika kwa tajiri wa Israel. Ndani mlikuwa na mabaharia 25, wengi Wafilipino, Muisraeli hata mmoja hayumo. Waliachiwa Januari 22, 2025, zaidi ya mwaka mzima wameshikiliwa kwa ugomvi ambao hauwahusu ndewe wala sikio, na meli yao ikageuzwa kivutio, watu wanapelekwa na boti kwenda kupiga picha.

Baada ya hapo droni, makombora, boti za kasi, hadi boti zisizo na mtu zilizojazwa baruti. Sasa karibuni tuchambue, nini kilifanya kazi na nini kilikuwa kelele.

Kichwa Ngumu

Mkuu umeandika vizuri ila mbona unazunguka. Maharamia wa Somalia si walimalizwa? Waliweka walinzi wenye bunduki kwenye meli, kwisha habari. Wafanye vilevile.

Mwanamaji wa Zamani

@Kichwa Ngumu hapana ndugu yangu, hapo ndo watu wengi wanapopotelea.

Haramia ni mfanyabiashara, mbaya lakini mfanyabiashara. Anaitaka meli ikiwa nzima na mabaharia wakiwa hai, sababu ndo mtaji wake, akiichoma atalipwa na nani? Kwahiyo mbinu zote zile zililenga kitu kimoja, asipande. Seng'enge pembeni, mipira ya maji ya kasi, kuongeza mwendo, kuyumbisha meli ili ngazi yake isishike, na akifanikiwa kupanda mabaharia wote wanajifungia kwenye chumba maalum kule chini chenye redio na chakula, injini inazimwa, haramia anabaki na chuma kisichoenda popote. Ukijumlisha Atalanta, operesheni ya manowari ya Umoja wa Ulaya iliyoanza Desemba 2008, ile njia maalum ya kupita kwa makundi Ghuba ya Aden, na walinzi binafsi, maharamia wakaona biashara hailipi.

Sasa muasi wa aina hii hatafuti fidia. Yeye ujumbe wake unafika vizuri zaidi meli ikiwaka moto kwenye runinga. Mlinzi na bunduki yake atafanya nini kwa kombora la balistiki? Hao jamaa wamerusha kitu ambacho hakikuwahi kutumika vitani dhidi ya meli kabla yao. Kile chumba cha kujifungia ambacho kwa haramia kilikuwa wokovu, kwa kombora linalopiga karibu na maji kinaweza kuwa kaburi.

Sisemi walinzi hawana kazi kabisa. Meli ya mizigo Magic Seas Julai 6, 2025 ilivamiwa na boti ndogo, walinzi wakajibu mapigo, boti zikashindwa kusogea. Kisha zikaja zile za baruti zisizo na mtu. Meli ikashika moto, watu 22 wakashuka kwenye boti ya kuokolea, wakaokotwa na meli nyingine ya biashara iliyokuwa jirani. Wote wazima, lakini meli ilizama. Siku iliyofuata ikaanza zamu ya Eternity C, humo waliuawa mabaharia na wengine wakachukuliwa, na yenyewe Julai 9 ikaenda chini.

Kichwa Ngumu

Sawa nimekuelewa. Basi kila meli ipewe manowari ya kuisindikiza. Wana bajeti hao.

Kaskazi24 (mleta uzi)

Ngoja nikupe kisa kimoja cha misafara maana hii si mara ya kwanza. Wakati Iran na Iraq wanapigana, kati ya 1984 na 1988 kila upande ulikuwa unapiga meli za mafuta kwenye Ghuba. Hao walikuwa serikali sio waasi, ila somo ni lilelile. Kuwait ikaomba ulinzi, Marekani ikazipa meli 11 za Kuwait bendera yake ili iweze kuzisindikiza kihalali. Msafara wa kwanza kabisa Julai 1987, kamera kibao, meli kubwa ya mafuta Bridgeton inalindwa na manowari, Julai 24 ikagonga bomu la kutegwa majini. Unajua kilichofuata? Manowari zikaenda kujipanga NYUMA ya Bridgeton, sababu lile limeli limejengwa kwa ukubwa wa kuvumilia bomu na zenyewe zina chuma chembamba. Yaani mlindwa ndo akawa mbele anawasafishia njia walinzi wake. Sijui kama kuna picha inayoeleza misafara vizuri kuliko hiyo.

Sasa hesabu ya Bahari ya Shamu. Mwaka 2023 Suez ilikuwa inapitisha zaidi ya meli 70 kwa siku. Operesheni ya Ulaya ya Aspides iliyoanza Februari 2024, makao yake Larissa kule Ugiriki, mara nyingi ilikuwa na manowari 2 au 3 tu eneo zima. Nazo zinahitaji mafuta, matengenezo, watu kupumzika. Meli iliyopata nafasi ya kusindikizwa ilipita salama, na wale jamaa wa Aspides binafsi nawapa heshima yao maana walidungua droni na kuokoa mabaharia bila kuingia kwenye ugomvi wa kupiga mabomu nchi kavu. Lakini uwiano ndo huo, unaomba miadi unasubiri foleni, na kwa meli ya kontena kila siku ya kusubiri ni hela.

Mwanamaji wa Zamani

Na kuna jambo la risasi watu hawalisemi. Kombora la SM-2 ambalo manowari za Marekani zinatumia kudungulia ni kama dola milioni 2 moja. Droni inayodunguliwa ni ya maelfu tu ya dola. Alafu pesa sio tatizo kubwa kihivyo, tatizo ni matundu. Manowari ina idadi maalum ya matundu ya makombora, yakiisha huwezi kuyajaza katikati ya bahari kwa urahisi, lazima urudi bandarini. Muasi anajua hilo, anakurushia takataka za bei rahisi ili umalize mali.

Januari 30, 2024 kombora moja lilifika karibu mno na manowari ya Marekani USS Gravely, kiasi cha maili moja hivi, likaangushwa na ile bunduki ya mwisho kabisa inayojipigia yenyewe. Kwa mwendo wa kombora maili moja ni sekunde chache. Hapo hujakosea kitu, una meli ya kisasa, watu wamefundishwa, na bado ilibaki hivyo.

Binti Shehena

Nilikuwa nasoma kimyakimya ila mmegusa bima ambako ndo ugali wangu ulipo, acha niseme.

Watu mnadhani mwenye meli anaogopa meli kuzama. Anaogopa ndiyo, lakini kinachoamua ni karatasi. Ukiingia eneo lililotangazwa la hatari ya vita unalipa bima ya ziada ya vita kwa safari ile moja, inahesabiwa kwa asilimia ya thamani ya meli. Kabla ya Novemba 2023 kwa Bahari ya Shamu ilikuwa sehemu ndogo sana, kama asilimia 0.05. Ilipochafuka ikapanda mpaka 0.7, ikagusa 1. Chukua meli ya dola milioni 100, ulikuwa unalipa dola 50,000, ghafla unaambiwa laki 7 hadi milioni nzima, kwenda tu. Kurudi unalipa tena. Ongeza mabaharia, maana vyama vyao na waajiri walikubaliana eneo lile lihesabike la vita, mshahara wa msingi mara mbili kwa siku za kuwa humo na baharia ana haki ya kukataa kuingia akateremshwa bila kufukuzwa. Ongeza ada ya Suez yenyewe.

Upande wa pili kuzunguka Afrika unaongeza siku kama 10 hadi 14 na mafuta mengi. Ukipiga hesabu vizuri kuna vipindi kuzunguka kulikuwa karibu sawa au nafuu kabisa, na hakuna mtu anakufa. Alafu niseme kitu ambacho wenye makontena hawapendi kisemwe, meli zikichukua muda mrefu njiani maana yake meli zinapungua sokoni, nauli inapanda, kwahiyo sio kila mtu kwenye hii biashara alikuwa analia. Aliyelia kweli ni Misri. Mapato ya mfereji mwaka 2023 yalipita dola bilioni 10, mwaka 2024 yakaja kama bilioni 4. Nchi haijarusha hata jiwe kwenye huo ugomvi.

Ndo maana manowari zikitangaza leo kwamba "njia ni salama" hakuna anayegeuza usukani kesho asubuhi. Mtu wa bima haangalii tangazo, anaangalia imepita miezi mingapi bila meli kupigwa.

Pwani Ndefu

Mimi swali langu, waasi wanajuaje meli hii ya nani? Bahari kubwa hivyo.

Binti Shehena

@Pwani Ndefu swali zuri sana. Kila meli kubwa inatakiwa kurusha ishara ya utambulisho, jina, mahali ilipo, inaelekea wapi. Ishara hiyo hata wewe na simu yako unaiona kwenye intaneti. Umiliki nao upo kwenye kanzidata za biashara ya meli. Wahouthi walifungua kabisa ofisi Sanaa ya kuwasiliana na makampuni ya meli, wanatuma barua pepe rasmi kwa lugha ya kiofisi, kwamba kama moja ya meli za kampuni yenu ilitia nanga bandari ya Israel basi meli zenu ZOTE ni marufuku. Sio hiyo meli tu, zote.

Mabaharia nao wakawa wajanja. Pale kwenye ishara kuna sehemu ya kuandika unakoelekea, nahodha anaweka bandari. Wakaanza kuandika vitu vingine kabisa, "mabaharia wote Wachina", wengine "hatuna uhusiano na Israel". Fikiria nahodha anaitumia sehemu ya kujaza bandari kuomba asiuawe. Haikusaidia kila mara maana jamaa walikuwa wanatumia taarifa za zamani, meli ishauzwa kwa mtu mwingine kabisa wao wanaipiga kwa sababu ya mmiliki aliyepita.

Kwahiyo kama ningeulizwa mimi, ulinzi wa kwanza unaanzia ofisini. Safisha taarifa za umiliki wako, jua meli zako nyingine zinatia nanga wapi, mwambie nahodha ukweli kuhusu hatari ya hiyo meli kabla hajaondoka. Kuna makampuni yalipitisha meli kwa tamaa ya nauli yakijua kabisa yapo kwenye orodha, hao siwaonei huruma, nawaonea huruma mabaharia wao.

Kichwa Ngumu

Si wazime hiyo ishara basi

Mwanamaji wa Zamani

Wanazima wengi. Ila sasa ukizima, usiku, kwenye mlango wa kilomita 30 na meli nyingine zimezima pia, mnagongana. Ukipigwa, wanaokuja kukuokoa hawajui pa kuanzia. Na kombora likija na rada yake haliulizi umezima au umewasha. Kinachosaidia ni kuendelea kuripoti kwa siri kwa UKMTO, kituo cha Waingereza kinachopokea taarifa za usalama wa meli za biashara, hata kama umezima, ili mtu mmoja awe anajua uko wapi.

Kaskazi24 (mleta uzi)

Twende kwenye kupiga nchi kavu maana najua litakuja.

Baraza la Usalama Januari 10, 2024 lilipitisha azimio 2722 la kuwataka waache, kura 11, waliojizuia 4, Urusi, China, Algeria na majirani zetu Msumbiji. Usiku wa kuamkia Januari 12 Marekani na Uingereza wakaanza kupiga. Mashambulizi ya baharini hayakukoma. Februari 18 wakaipiga Rubymar, ina tani kama 21,000 za mbolea, ikaachwa inaelea huku inaburuta nanga, na hiyo nanga ndo inayoaminika ilikata nyaya za intaneti zilizolala chini ya bahari, ikiwemo ya Seacom inayohudumia Afrika Mashariki, kabla haijazama Machi 2. Machi 6 True Confidence, mabaharia 3 wakafa. Juni wakaizamisha Tutor. Agosti 21 Sounion, meli ya mafuta yenye tani 150,000 za mafuta ghafi, mabaharia wakaokolewa na manowari ya Ufaransa, jamaa wakarudi kupanda juu wakatega baruti, wakalipua, wakarekodi. Mafuta yale yangemwagika tungekuwa tunaongea mengine, uvuvi wa Bahari ya Shamu ungekwisha. Waokoaji walikuja kuivuta Septemba kwa idhini ya Wahouthi wenyewe. Hebu liangalieni hilo, manowari zote zile lakini kibali cha kuvuta meli kimetoka kwa aliyeipiga.

Halafu Machi 15, 2025 Trump akaanza kampeni kubwa, karibu wiki saba, Wamarekani wenyewe walisema malengo zaidi ya 1,000, na katika kipindi hicho ndege 2 za F/A-18 zikatumbukia baharini kutoka kwenye manowari yao. Mei 6 Oman ikasuluhisha, mapatano ya kutopigana Marekani na Wahouthi, meli za wengine hazikutajwa vizuri. Julai zikazama hizo mbili alizosema Mwanamaji.

Sisemi mabomu hayakuharibu kitu, yaliharibu sana, na wananchi wa kawaida Yemen walikufa pia. Nachosema ni kwamba mrushaji wa droni anahitaji gari moja na uwazi wa kuegesha. Huwezi kumaliza magari.

Pwani Ndefu

Lakini walipunguza walipopewa wanachotaka. Gaza ikisimama wanasimama. Januari 2025 walitulia, Machi wakaanza vitisho tena, Oktoba 2025 waliposimamisha vita kule na huku kukatulia. Kwahiyo dawa iko Gaza, haiko baharini.

Mwanamaji wa Zamani

Nusu nakubali. Ila ukisema dawa iko pale tu, umeshamfundisha kila mwenye silaha pembeni ya mlango wa bahari kwamba akiwa na madai, ashike meli, atasikilizwa. Leo dai ni Gaza, ambalo wengi wanaliunga mkono, kesho dai litakuwa kingine na mbinu ipo tayari.

Pwani Ndefu

Na ukisema ni nguvu tu, miaka miwili umeona. Tutakesha hapa mkuu.

Kaskazi24 (mleta uzi)

Mimi nikisoma yote haya naona sehemu moja ambayo haipigiwi kelele na ndo ningeweka hela huko, silaha zinavyoingia. Droni zinaunganishwa Yemen lakini injini, vichwa vya kuongozea, vipuri vya makombora vinakuja kwa bahari, na mara nyingi kwa majahazi ya kawaida kabisa, yale yale yanayobeba samaki na mbuzi. Marufuku ya silaha kwa Wahouthi ipo tangu azimio 2216 la 2015. Umoja wa Mataifa una kituo cha ukaguzi Djibouti tangu 2016, kinapitia meli zinazokwenda bandari zilizo mikononi mwa Wahouthi, ila mamlaka yake ni kwa vyombo vya tani zaidi ya 100. Jahazi dogo linapita pembeni linashusha ufukweni usiku.

Na kukagua jahazi usiku kwenye mawimbi sio mchezo, Januari 11, 2024 wanajeshi 2 wa kikosi maalum cha Marekani walizama karibu na Somalia wakijaribu kupanda jahazi moja, na lilikuwa kweli limebeba vipuri vya makombora. Lakini Julai 2025 vikosi vya Yemeni vyenyewe, vile vinavyowapinga Wahouthi, vilikamata shehena ya tani 750, na makombora yenyewe yamo. Hawakuwa na manowari ya mabilioni, walikuwa wanaijua pwani yao. Tani 750 zikizuiwa ufukweni hazihitaji kombora la dola milioni 2 kuzidungua baadaye.

Binti Shehena

Hapo nakuunga mkono, ila usisahau hao walinzi wa pwani wa Yemen kulipwa mishahara kwa wakati ni kisanga kingine, na jahazi lina hela ya kuhonga.

Kichwa Ngumu

Nilikuja kubisha nimeishia kuchukua daftari. @Binti Shehena hilo la mwenye makontena kufaidi nauli ikipanda lifungulie uzi wake tafadhali, maana nalo naona lina mengi